Muulize Bi Fundi: Mgeni njoo, kompyuta iugue

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na ugonjwa mmoja. Wa Ubungo analia na flashi, wa Mabibo na laptopu, wa Tabata na simu. Kwa hiyo yale mambo ya betri na chaja feki niliyoahidi nimeyasogeza mbele. Mzee wangu wa Kigamboni uliyeuliza, nivumilie. Meza yangu iko palepale Kariakoo, ghorofa ya kwanza, ubavuni mwa ngazi, na feni bado inapiga kelele upande mmoja.

SWALI: Bi Fundi, habari za kazi. Nina steshenari ndogo Ubungo, si mbali na ilipokuwa stendi ya mikoani. Kompyuta zangu ni mbili, moja ya kuchapa na moja ya kuprinti. Kila wiki flashi za wateja zinageuka: folda zote zinakuwa na kamshale kadogo pembeni, ukibofya mara inafunguka, mara inakataa. Juzi mteja amenitukana mbele za watu kwamba nimemfutia CV na vyeti. Nimeshapiga Windows mara tatu mwaka huu, elfu ishirini kila mara, na bado virusi vinarudi. Ninunue antivirusi gani? — Mama wa Steshenari, Ubungo

JIBU: Mama, pole sana. Kwanza nikutoe hofu: hujamfutia mtu cheti. Vyeti vyake vimo mlemle kwenye flashi, vimefichwa tu, na zile folda zenye kamshale ni vikaragosi vilivyosimamishwa mlangoni.

Kinachofanyika ni hiki. Kirusi kikishapata makazi kwenye kompyuta yako, kinakaa macho kusubiri flashi. Ikichomekwa tu, kinazipa folda halisi za mteja alama ya kufichwa, tena ile alama nzito ambayo Windows hufichia mafaili yake yenyewe. Kisha kinatengeneza njia za mkato zenye majina yaleyale na picha ileile ya folda ya njano, na pembeni kinajinakili, mara nyingi kwa umbo la kifaili kidogo kinachoishia na .vbs, yaani programu, siyo andiko. Mteja akienda kwa jirani yako akabofya "VYETI", anaamsha kirusi kwanza, halafu folda ya kweli inamfungukia asishtuke. Kompyuta ya jirani imeshaambukizwa, na mteja anaendelea kuprinti.

Zamani hata kubofya hakukuhitajika. Windows ilikuwa na kiherehere: ikiona flashi, inaendesha yenyewe programu iliyoikuta ndani. Conficker, kirusi kilichozuka Novemba 2008, kilifaidi sana kiherehere hicho. Februari 2011 Microsoft wakasambaza apdeti ya kukizima kwenye Windows za zamani. Tangu mlango ule ufungwe, vya flashi vinahitaji kidole cha mtu, na kamshale kale kanasubiri chako.

Yule aliyekutukana muite arudi na flashi yake. Ichomeke, usibofye chochote ndani yake. Tazama imepewa herufi gani, tuseme E. Nenda Start, andika cmd, bonyeza Enter. Kidirisha cheusi kikitokea, andika hivi, nafasi zikiwa kama zilivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter na utulie, flashi ikiwa kubwa inachukua dakika kadhaa. Hiyo h ni ya kufichwa, r ni ya kusomwa tu, s ni ya mfumo, na kile kistari cha kutoa mbele ya kila herufi kinasema "ondoa". Ukifungua flashi baada ya hapo utakuta folda halisi zimesimama karibu na zile za uongo. Za kamshale futa zote, na kifaili chochote cha .vbs usichokijua nacho futa. Ukiona folda isiyo na jina kabisa usiikimbie, kuna virusi vinavyosukumia mali yote humo. Mwezi uliopita nilimfanyia hivi kijana mwenye usaili saa nane mchana, jasho linamtiririka kwenye shati la kuazima. Folda zilivyokuwa zinajitokeza akawa anazitaja kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, barua ya serikali ya mtaa. Watu wa meza za jirani walipiga makofi.

Lakini flashi siyo mgonjwa wako, Mama. Mgonjwa ni kompyuta, na hapa kwenye kupiga Windows naomba nijishtaki mwenyewe.

Mwaka 2013 nilikuwa na flashi moja nyekundu ya gigabaiti 8, nimeifunga kwa uzi naivaa shingoni kama kitambulisho. Humo mlikuwa na ofisi yangu nzima: Windows, Office, madereva ya printa, na kile kiprogramu cha kuifanya Windows ya kuiba ijifanye ya halali. Dada mmoja wa Magomeni akaniletea laptopu, nikapiga Windows. Baada ya wiki mbili akarudi, virusi. Nikapiga tena, nikamsomea somo refu kuhusu kuchomeka flashi za watu. Aliporudi mara ya tatu hakusema neno. Aliiweka laptopu mezani, akavuta stuli, akanitazama. Kisha akasema, "Tangu nitoke kwako, flashi iliyoingia humu ni moja tu. Na umeivaa shingoni."

Nilicheka. Alipoondoka nikaichomeka ile flashi kwenye kompyuta ya fundi mwenzangu yenye ulinzi uliokamilika, ikapiga kelele kabla sijaondoa mkono. Kile kiprogramu cha kraki kilikuwa na masharti: kabla ya kukiendesha, zima ulinzi wa kompyuta. Nami nilikuwa nazima kwa mkono wangu, laptopu baada ya laptopu, na wateja wananilipa. Daftari langu lilikuwa na majina sitini na kitu ya miezi minne ile. Niliwapigia niliowapata. Wengine walishukuru, wengine walidhani natafuta hela ya pili, na dada wa Magomeni nikamrudishia yake ya mara zote tatu.

Basi swali langu kwako ni moja: huyo fundi wa elfu ishirini anatoa wapi Windows yake? Ikiwa anatoa mfukoni, kwenye flashi iliyopita maduka arobaini, umelipa mara tatu kuletewa kilekile. Windows yenyewe hupakuliwa bure kwenye tovuti ya Microsoft, na laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa huku Kariakoo zilitoka kiwandani na leseni iliyohifadhiwa ndani ya ubao wake. Ukiweka toleo lilelile, inajitambua ikishaunganishwa na intaneti, hakuna kraki wala nini.

Antivirusi usinunue kwanza. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ulinzi wa Microsoft unakuja humohumo ndani, na kwa kazi ya steshenari unatosha, mradi apdeti ziruhusiwe kuingia. Najua zinakula bando. Ziruhusu usiku.

Hela ya antivirusi itumie kwenye hili. Nyumba zetu za zamani za hapa Kariakoo zina baraza. Mgeni hapitilizi hadi chumbani. Anakaribishwa barazani, anaongea shida yake, akishaeleweka ndipo mengine yanafuata. Nawe tafuta kompyuta chakavu uifanye baraza. Weka Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows. Chagua ya Ubuntu au ya Mint, zote za bure. Flashi ya mteja ichomekwe hapo tu. Hivi virusi vya kamshale na .vbs vimeandikwa kwa lugha ya Windows, vikifika kwenye Linux ni karatasi tupu: folda zilizofichwa unaziona wazi zimelala, na kamshale ukikabofya hakafanyi kitu. Fungua CV, igeuze PDF, print hapohapo. Ile kompyuta yako ya kuchapia isionje flashi ya mtu, hata ya mwanao.

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Niko mwaka wa tatu, nakaa hosteli za Mabibo. Nilipakua programu ya takwimu iliyokrakiwa nichambue data za utafiti wangu. Maelekezo yalisema nizime antivirusi, nikazima. Nilipoamka kila faili limeongezewa herufi nne mwishoni na halifunguki, na kila folda ina faili linaitwa _readme.txt, linasema nilipe dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 nilipe 490. Ripoti natakiwa niiwasilishe baada ya wiki tatu. Rafiki yangu anasema nipige Windows. Nifanyeje? — Aliyefungiwa, Mabibo

JIBU: Marahaba mwanangu. Usipige Windows, na usilipe. Zima hiyo laptopu, ondoa kila kilichochomekwa, kisha soma hapa taratibu.

Kwa herufi nne, kwa jina la faili na kwa bei hiyo, uliyekutana naye ni wa ukoo unaoitwa STOP, wengine wanasema Djvu. Hupenda sana programu za kraki, kwa hiyo wahanga wake wakubwa ni watu wa aina yetu: wanafunzi, steshenari, mafundi wenye flashi nyekundu. Kazi yake ni kuyafunga mafaili kwa hesabu ambazo huwezi kuzifumbua bila ufunguo, na ufunguo anao yeye. Ukipiga Windows unafuta nyumba, lakini sanduku linabaki limefungwa, na karatasi yenye namba ya sanduku umeitupa.

Hiyo namba ndiyo tunaitaka. Ukiiwasha laptopu bila intaneti, ingia kwenye C, tafuta folda inaitwa SystemID, ndani yake kuna faili PersonalID.txt. Tazama herufi mbili za mwisho za namba iliyoandikwa. Zikiwa t1, una bahati ya nusu. Maana yake siku ile kirusi hakikufanikiwa kuwasiliana na kwao, labda bando lilikuwa limekata, kikatumia ufunguo wa akiba uliomo ndani yake, ambao ni uleule kwa watu wengi. Baadhi ya funguo hizo zimeshapatikana. Zisipokuwa t1, ufunguo wako ulitengenezwa kwa ajili yako peke yako, na mtu yeyote hapa mjini anayekwambia anaufungua kwa laki mbili anakuibia mara ya pili. Wanapita mpaka mezani kwangu wakiomba niwaletee wateja.

Vifunguzi vya bure viko nomoreransom.org. Tovuti hiyo ilianzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za ulinzi wa kompyuta. Unapeleka faili moja lililofungwa na ile karatasi ya madai, inakwambia kama dawa ipo. Kama leo haipo, nakili mafaili yote yaliyofungwa kwenye diski ya nje, andika tarehe juu yake, weka kabatini. Kuna watu dawa yao ilikuja baadaye.

Sasa tuje kwenye ripoti, maana wiki tatu hazisubiri dawa. Kaa chini ukiwa na simu, pitia kila barua pepe uliyomtumia msimamizi wako. Sura ya kwanza uliyomtumia akairudisha na mistari myekundu ipo. Pendekezo la utafiti lipo. Dodoso ulilomtumia mwenzako kwa WhatsApp lipo. Ile flashi uliyokwenda nayo steshenari kuprinti sura ya pili, ukaisahau kwenye begi, nayo ina nakala. Nilimkusanyia mwanafunzi mmoja ripoti yake hivi, kwa mchana mmoja, kutoka sehemu tano. Ilikosekana sura moja na majedwali tu. Kama ulirekodi mahojiano, mafaili marefu ya sauti na video usiyakatie tamaa mapema. Kirusi cha ukoo huu kina haraka, hufunga kipande cha mwanzo tu cha faili, kama kilobaiti 150, kwa hiyo rekodi ya saa nzima mara nyingi inaweza kutengenezwa ikasikika.

Na jambo linalosahaulika: ukoo huu una kawaida ya kuja na wezi wa nywila ndani ya gari moja. Kwa hiyo kwa kutumia simu, siyo hiyo laptopu, badilisha nywila ya barua pepe, ya akaunti ya chuo, na ya chochote kinachogusa hela. Ukishamaliza yote hayo ndipo ufute laptopu na kuweka Windows safi.

Dola 490 ni zaidi ya milioni moja ya kwetu. Hata ungekuwa nazo, unayemlipa hujui jina lake, na hakuna risiti. Tena kuna programu za takwimu za bure kabisa, zinaitwa R na PSPP. Hii ya pili sura yake inafanana sana na ile uliyokwenda kuiiba.

Sikugombezi kuhusu nakala, umeshagombezwa vya kutosha. Nakuhadithia tu kisa cha wakubwa. Yale makontena yaliyoandikwa Maersk yanayopita Barabara ya Mandela unayajua. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni hiyo ilivamiwa na kirusi NotPetya kilichoanzia Ukraine. Walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Zile seva zinazotunza orodha ya nani ni nani kwenye mtandao wao walikuwa nazo nyingi duniani kote, zinanakiliana zenyewe, wakaona inatosha. Kirusi kilizipitia zote kwa mpigo mmoja, maana zilikuwa zimeshikana mikono. Iliyobaki hai ilikuwa moja tu, Ghana. Na ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, seva imezimika, kirusi kikapita bila kuiona. Diski yake ilibidi ibebwe kwa mkono, kwa ndege, kupitia Nigeria mpaka Uingereza.

Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na kukatika kwa umeme! Wewe usisubiri umeme ukatike. Nakala yako ya pili ichomeke, inakili, ichomoe, ikalale kwa shangazi. Diski inayoning'inia kwenye laptopu usiku na mchana hufungwa pamoja na laptopu.

SWALI: Bi Fundi, mume wangu anasema wanaouza antivirusi ndio wanaotengeneza virusi wenyewe ili wapate soko, kama muuza majeneza anayeombea msiba. Tumebishana mpaka chakula kikapoa. Ni kweli? — Mke wa Mbishi, Sinza

JIBU: Chakula mkipashe, kisha mwambie shemeji kwamba wenye virusi wengi wanajulikana na wala hawakuwa na duka la antivirusi. Cha kwanza kusambaa kwenye kompyuta za aina ya IBM kiliitwa Brain, mwaka 1986. Walikiandika ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, waliokuwa na duka la kompyuta na walitaka kuwabana wanaonakili programu yao. Ndani ya kirusi waliandika majina yao, anwani na namba za simu za duka! Watu wakapiga simu kutoka nchi za mbali kuuliza kulikoni.

Cha Mei 2000 nakikumbuka kwa macho yangu, nilikuwa nahudumu kwenye intaneti kafe moja Posta. Barua pepe zinakuja kutoka kwa watu unaowafahamu, kichwa cha habari ILOVEYOU, na kiambatisho cha LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Mwishoni kabisa kulikuwa na .vbs, ila Windows ilikuwa inauficha mkia huo, basi kila mtu akaona ni maandishi tu. Kaka mmoja aliyekuwa anasubiri barua ya mchumba kutoka nje alikifungua mara mbili. Kilitoka Ufilipino, kwa kijana ambaye miaka mingi baadaye alikiri kwamba alitaka kuiba nywila za watu apate intaneti bila kulipia. Wenye bando la kuungaunga watamwelewa. Kesi yake ilifutwa kwa sababu wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, asije mtu akajaribu.

Mkia ule Windows inauficha mpaka leo. Fungua folda yoyote, nenda kwenye View, ruhusu viishio vya majina vionekane. Ukikuta barua.pdf.exe, hiyo siyo barua.

Siku hizi wanaandika kwa ajili ya hela, ni biashara yenye mishahara na zamu. Shemeji kuhusu soko hajakosea sana. Amekosea duka tu.

SWALI: Simu yangu ikiwa kwenye mtandao inatoa mlio na kuandika "Simu yako ina virusi 13, betri itaharibika baada ya dakika 2, bonyeza hapa kusafisha". Nimebonyeza mara moja. Nimekwisha? — Baba Wawili, Tabata

JIBU: Hujaisha. Tovuti haina uwezo wa kuikagua simu yako, achilia mbali kuhesabu mpaka kumi na tatu. Ni tangazo. Funga ukurasa, ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, uzime tovuti zote usizozijua. Kama ulisakinisha hiyo "ya kusafisha", itoe. Dakika mbili zimeshapita na betri ipo.

SWALI: Bi Fundi, nina aibu. Niko kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu, kundi la WhatsApp lina watu 140. Juzi mjumbe mmoja, namba yake kabisa, akatuma "Kadi ya Mwaliko.apk". Nikaibonyeza, ikaomba ruhusa, nikakubali mbili tatu, kadi sikuiona. Leo watu wananiuliza mbona nami nimewatumia kadi ileile, na mimi sijatuma kitu. Niwaambieje? Na simu ndiyo yenye hela zangu zote. — Mama Kamati, Mbagala

JIBU: Aibu iache, anza na hela. Weka simu hiyo kwenye hali ya ndegeni sasa hivi. Chukua simu ya mtu mwingine wa mtandao uleule, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako, uombe akaunti ya pesa isimamishwe kwa muda, kisha benki kama umeunganisha. Hao wanaotuma kadi za aina hii wanachotaka ni ruhusa ya kusoma meseji, maana namba za siri za kuthibitisha miamala hupitia kwenye meseji.

Halafu rudi kwenye simu yako. Mipangilio, Ufikivu (Accessibility): ukikuta humo jina la programu usiyoijua, au jina la "kadi", zima. Ruhusa hiyo ikishatolewa, programu inaweza kuona skrini yako na kubofya kwa niaba yako, kama mtu aliyekaa nyuma yako kwenye daladala ila ana mikono. Kisha nenda kwenye orodha ya programu, iondoe. Ikigoma kuondoka, angalia kwenye wasimamizi wa kifaa uinyang'anye madaraka kwanza, au washa simu kwa hali salama ndipo uiondoe. Mimi kwa simu yenye hela nisingeishia hapo. Ningetoa picha, nikaifuta simu yote ianze upya, ndipo nikabadilisha namba za siri. Ni kazi ya saa moja, na picha za send-off zitabaki.

Kwenye WhatsApp fungua Vifaa vilivyounganishwa, toa vyote usivyovijua, na uweke namba ya siri ya uthibitishaji wa hatua mbili.

Yule mjumbe aliyekutumia naye usimgombeze. Aliingia kwa mlango uleule: kadi ilitoka kwa mtu anayemjua, kwenye kundi analoliamini, wiki ya kukumbushana michango. Nani angesita? Ila kadi ya kweli ni picha au PDF. Kinachoishia na .apk ni programu, hata kiwe na maua na pete.

Kundini andika hivi, usizunguke: "Ndugu wajumbe, faili la Kadi ya Mwaliko lililotoka kwenye namba yangu siyo kadi, ni kirusi. Usilifungue, lifute. Ukishalifungua, weka simu kwenye hali ya ndegeni, piga 100 kwa simu nyingine ya mtandao wako. Kadi halisi mtagawiwa mkononi kwenye kikao. Mkipata meseji ya 'ile hela tuma kwenye namba hii' kwa jina langu au la mweka hazina, msitume, isambazeni kwenda 15040." Mwambie kiongozi wa kundi aifute ile .apk kwa kila mtu na kuibandika meseji yako juu. Kisha wapigie wazee mmoja mmoja, hao meseji ndefu hawasomi, na michango yao ndiyo minono.